Bustani ya Majira ya Baridi Hupangwa Kutoka Dirishani

Bustani nyingi za Uingereza hupangwa mwezi wa Mei, na ndiyo maana mwezi wa Januari huwa hazina cha kutazamwa. Mei ni mwezi ambao jua limerudi, vitalu vya miche vimejaa watu kila Jumamosi, na kila mtu huondoka na kile alichokikuta kimechanua siku ile. Mimea hiyo karibu yote hupendeza mpaka Septemba, kisha hunyauka kwa pamoja, na mwenye nyumba hubaki na nyasi zilizolowa, uzio wa mbao na mapipa ya taka mpaka majira mengine ya kuchipua. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na kuishi Reading, kusini mwa Uingereza, katika nyumba iliyoungana na za majirani pande zote mbili, yenye bustani nyembamba nyuma yake. Wakati wa baridi bustani hutazamwa zaidi kutoka ndani ya nyumba kuliko nje, kwa hiyo inafaa ipangwe kutoka dirishani, kwa kulifuata jua la Desemba na si jua la Juni.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna la ziada la kujifunza. Kule Lushoto baridi ya Juni na Julai humlazimu mtu kuvaa sweta na kuota moto, lakini mimea mingi hubaki na majani yake, na mchana hubaki na urefu wake. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote ya mwaka na mchana mfupi kuliko yote havipishani hata saa nzima. Hapa Reading, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na hata saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, wakati mwezi wa Juni hufika nyuzi 62. Ukishalielewa hilo, mengi yanayosemwa kuhusu bustani za majira ya baridi huanza kukaa mahali pake.

Jua la nyuzi 15 lina vivuli virefu mno. Uzio wa mbao wa mita 1.8, ambao ndio kimo cha kawaida hapa, hutupa kivuli cha karibu mita 7 saa sita mchana, na nyumba yenye paa lililofika mita 8 hutupa kivuli cha mita 30 hivi. Maana yake ni kwamba mwenye bustani iliyo upande wa kaskazini wa nyumba yake anaweza kukaa wiki kadhaa bila jua la mchana kuigusa ardhi, hata kama majira ya joto sehemu hiyo hiyo huungua. Kwa hiyo, kabla ya kununua mche wowote, simama kwenye dirisha unalolitumia zaidi, ambalo katika nyumba nyingi ni lile la jikoni juu ya sinki, siku yoyote ya Desemba yenye jua, saa sita mchana na tena saa nane na nusu, uangalie mwanga unaangukia wapi na kwa kimo gani. Pachomeke vijiti. Kazi hiyo haihitaji fedha, lakini hairudiwi kirahisi, kwa sababu jua la pembe hiyo utalipata tena baada ya mwaka.

Bustani yetu iko upande wa magharibi wa nyumba, na upana wake ni mita 7 hivi. Ukitazama kutoka jikoni, uzio wa kulia ndio unaoelekea kusini, na kwa kuwa uzio wa kushoto hutupa kivuli chake upande huo, saa sita mchana ardhi yote huwa kivulini, ila kitu chochote kilichosimama karibu na uzio wa kulia na kuzidi kimo cha goti hupata jua kamili. Saa nane na nusu jua limeshahamia kusini-magharibi, yaani nyuma ya kona ya mbali ya kushoto, na sasa humulika kutoka nyuma kila kilichopandwa kwenye kona hiyo. Mambo hayo mawili yaliamua karibu kila kitu tulichopanda: vitu vinavyopendeza vikimulikwa usoni viliwekwa kulia, na vile vinavyopendeza vikimulikwa kwa nyuma viliwekwa kwenye kona ya kushoto. Bustani yako itakuwa na hesabu nyingine, lakini hesabu lazima iwepo.

Umbo kwanza

Kitu cha kwanza kuonekana majani yakishapukutika ni umbo: mistari ya njia, kingo za vitanda vya maua, na mimea isiyopukutisha majani. Kama njia inapinda bila sababu, au kitanda kina kingo zisizoeleweka, majira ya joto majani huficha, lakini Januari kila kitu huwa hadharani. Ndiyo maana ninashauri fedha za mwanzo ziende kwenye njia nzuri ya matofali au mawe na kwenye mimea michache ya kijani ya mwaka mzima, kabla ya ua lolote.

Mti ninaoupendekeza kuliko yote kwa kazi hiyo ni Taxus baccata, ule wenye majani membamba ya kijani iliyoiva ambao Waingereza wameupanda kwenye makaburi ya makanisa yao kwa karne nyingi. Unapogolewa vizuri, unachipua hata ukikatwa hadi kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani, na unakubali kuwa ukuta, mpira au nguzo. Kasoro zake ni mbili: hauvumilii mizizi yake kukaa kwenye maji, na karibu kila sehemu yake ina sumu, isipokuwa nyama nyekundu inayoizunguka mbegu, na mbegu yenyewe ni sumu. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo ningechagua Ilex crenata badala yake, ingawa nayo matunda yake meusi hayaliwi. Zamani kazi hiyo ya vichaka vifupi vya mviringo ilifanywa na Buxus, lakini siku hizi sikushauri, kwa sababu kuna ukungu unaoukausha na kuna nondo mgeni, aliyeingia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 2000, ambaye viwavi wake hukivua kichaka majani yote kwa muda mfupi.

Usizidishe kijani, hata hivyo. Kuna watu wanaodhani kwamba dawa ya bustani tupu ya Januari ni kupanda miti isiyopukutisha majani kila mahali, na matokeo yake ni bustani nzito, isiyobadilika mwaka mzima, ambayo katika siku ya mawingu huongeza giza badala ya kulipunguza. Kwa macho yangu, theluthi moja ya mimea ikiwa ya kijani cha kudumu inatosha, tena ikiwa imetawanywa ili jicho liwe na pa kutua kila linapohama.

Fito na magome

Kama ningeruhusiwa kupanda kitu kimoja tu kwa ajili ya majira ya baridi, ningepanda Cornus alba, ile aina iitwayo Sibirica. Majira ya joto ni kichaka cha kawaida kabisa, na hakuna mgeni atakayekiuliza jina. Majani yakishaanguka mwezi wa Novemba, hubaki fito nyekundu zilizonyooka, na wekundu wake huzidi kukolea kadiri baridi inavyozidi. Ukiishika fito moja mkononi utaona kwamba upande uliotazama jua ni mwekundu kuliko upande uliokaa kivulini, na hiyo ni sababu nyingine ya kukipanda mahali ambapo jua la Desemba linafika. Sisi tulikipanda kwenye uzio wa kulia, kundi la vichaka vitatu vilivyokaribiana, na nyuma yake tukaacha mtambaa wa Hedera uufunike uzio, kwa sababu wekundu ukiwa mbele ya kijani huonekana mara mbili ya ulivyo mbele ya mbao za rangi ya kahawia.

Siri ya fito hizo ni mkasi. Rangi iko kwenye matawi machanga. Tawi la miaka mitatu huwa la kahawia na halina faida tena. Kwa hiyo, baada ya kukiacha kichaka kishike mizizi kwa miaka miwili, kila mwaka mwishoni mwa Machi kikate chote mpaka kibaki kisiki cha sentimita 5 hadi 8 kutoka ardhini, ukikata juu kidogo ya jicho la chini kabisa, kisha ukizungushie mboji. Mara ya kwanza mtu hutetemeka kufanya hivyo, maana kinachobaki ni visiki visivyo na dalili ya uhai, lakini kufikia Agosti fito mpya huwa zimefika kimo cha mtu au karibu yake. Aina ya Cornus sanguinea iitwayo Midwinter Fire, ambayo chini ni ya manjano na kwenye ncha ni nyekundu ya moto, haina nguvu kiasi hicho, na ni bora kuiondolea theluthi moja ya matawi yake ya zamani kila mwaka kuliko kuikata yote.

Wala usizitupe fito ulizozikata kabla majani hayajaanza kuchipua. Zikate vipande vya urefu wa sentimita 25 hivi, uvichomeke ardhini theluthi mbili, kama tunavyopanda mihogo, macho yakiangalia juu, na vingi vitakuwa na mizizi kabla ya baridi ya mwaka unaofuata. Vichaka viwili kati ya vitatu vya kwetu vilipatikana kwa njia hiyo.

Nitoe tahadhari moja kuhusu rangi. Picha za bustani za majira ya baridi hupigwa siku za jua, lakini siku nyingi za Januari katika nchi hii ni za mawingu ya kijivu, na ni katika mawingu hayo ndipo chaguo lako litapimwa. Fito nyekundu iliyoiva sana, na hasa zile aina zenye fito za zambarau karibu na weusi, hupotea kabisa mbele ya udongo uliolowa. Manjano na nyeupe havipotei. Kwa bustani yenye kivuli kingi ningeanza na Cornus sericea aina ya Flaviramea, yenye fito za manjano yanayoelekea kijani, au Rubus cockburnianus, ambayo fito zake zimefunikwa na unga mweupe, ingawa hii ya pili ina miiba na husambaa bila kuomba ruhusa, kwa hiyo si mmea wa bustani ndogo.

Kwa magome, mti unaotajwa na kila mtu ni Betula utilis, hasa ule wa namna ya jacquemontii wenye shina jeupe pe. Unastahili sifa zake. Hata katika bustani iliyo kaskazini mwa nyumba, ambapo ardhi haioni jua, nusu ya juu ya mti huo huenda ikalipata, na weupe wake huonekana hata saa tisa na nusu jioni giza linapoingia. Gome lake huota utando wa kijani, na mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba, mimi hulisugua kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Majirani wamezoea kuniona nikiuogesha mti. Kumbuka tu kwamba ni mti unaozidi mita 10 ukikomaa, na haufai kupandwa karibu na ukuta wa nyumba, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi, unaosinyaa mizizi inapoufyonza maji wakati wa ukame. Kwa nafasi ndogo kuna Acer griseum, unaokua polepole na gome lake kubanduka kwa vipande vyembamba vya rangi ya mdalasini, na kuna Prunus serrula, unaong'aa utadhani umepakwa vanishi. Gome la miti hiyo miwili ya mwisho hupendeza zaidi jua likipita nyuma ya vipande vilivyobanduka, kwa hiyo mti uwe kati ya dirisha na jua.

Mashuke yaliyokauka

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na bustani za kisasa. Wengi wetu tulilelewa kuufagia uwanja alfajiri mpaka ubaki na mistari ya fagio, na kuacha mabua makavu yamesimama nyuma ya nyumba kungeitwa uvivu, tena mbele ya wageni. Lakini mbunifu wa bustani Mholanzi Piet Oudolf, aliyeshughulikia mimea ya High Line, bustani iliyo juu ya reli ya zamani kule New York, amejijengea jina kwa kuonyesha kwamba mmea uliokauka vizuri una uzuri wake, na kwamba mmea uchaguliwe kwa namna unavyokufa na si kwa namna unavyochanua tu. Nilichukua muda kulikubali hilo. Kilichonishawishi ni sakitu: asubuhi ambayo joto limeshuka chini ya sifuri, kila shuke na kila kichwa cha mbegu huwa kimezungushiwa chembe nyeupe za barafu, na hakuna ua la Juni linalofikia hapo.

Kwa kona inayomulikwa kutoka nyuma tulichagua nyasi ndefu mbili, Miscanthus sinensis na ile Calamagrostis iitwayo Karl Foerster. Urefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Saa nane na nusu ya Desemba jua liko nyuzi 8 tu, na uzio wa mita 1.8 ulio nyuma ya nyasi hizo huzifunika kwa kivuli mpaka karibu na vichwa. Nyasi ya mita moja ingebaki gizani majira yote ya baridi, wakati mashuke yanayofika mita 1.7 au 1.8 huwaka kwa karibu saa nzima kabla jua halijazama. Karl Foerster ina sifa nyingine, nayo ni kusimama wima hata baada ya mvua na upepo wa Januari, ilhali nyasi nyingi huwa zimelala ifikapo Krismasi. Miongoni mwa maua, Phlomis russeliana husimama imara, na vichwa bapa vya Hylotelephium, ambayo wengi bado wanaiita Sedum, hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva na kubeba theluji bila kuvunjika.

Vyote hivyo hukatwa mwishoni mwa Februari, kabla machipukizi mapya hayajatokeza, kwa sababu ukichelewa utayakata pamoja na mabua ya zamani. Mpaka wakati huo wadudu wengi wamejificha ndani ya mabua, na ndege wanakula mbegu. Jirani mmoja, mzee mstaarabu, aliwahi kuniuliza kwa upole kama nilikuwa nimesafiri. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja ambayo inaituliza pia nafsi ya mfagiaji niliyonayo: mabua yabaki, lakini ukingo wa kitanda ukatwe wima kwa koleo, njia ifagiliwe, na majani yaliyoangukia kwenye nyasi fupi yaokotwe. Kingo zikiwa safi, mtu anayepita hutambua kwamba yale makavu yameachwa kwa makusudi.

Harufu mlangoni

Mimea inayochanua Januari ina wadudu wachache wa kuichavusha, na mingi huwaita kwa harufu kali inayosafiri mbali. Kwa kuwa hakuna anayekaa bustanini kwa nyuzi 3 za Selsiasi, harufu hiyo ipelekwe mahali ambapo watu hupita kwa lazima, yaani mlango wa mbele. Sarcococca confusa ndiyo ninayomshauri kila mtu. Ni kichaka cha kijani mwaka mzima, hakizidi mita mbili, kinastahimili kivuli kizito, na kuanzia Desemba mpaka Februari hutoa vijiua vyeupe ambavyo huwezi kuviona mpaka uiname, lakini harufu yake utaisikia ukiwa bado unatafuta funguo mfukoni. Mleta barua wetu amewahi kuuliza harufu inatoka wapi.

Mwenye nafasi na fedha apande kichaka cha Hamamelis. Aina ya Pallida, yenye maua ya manjano ya mwanga, ndiyo inayoonekana vizuri zaidi kwa mbali. Zile za rangi ya shaba na nyekundu hupendeza mkononi lakini hupotea ukiwa dirishani. Petali zake ni nyuzi nyembamba zilizokunjamana, na sakitu ikianguka hujikunja, kisha hujikunjua joto likirudi, na ua huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Haipendi udongo wa chokaa, hukua polepole, na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo inunue Januari ikiwa imechanua, ili uinuse na kuiona rangi yake kabla ya kutoa fedha.

Maua mafupi yanayoota karibu na ardhi nitayapitia haraka, kwa sababu ndiyo ambayo watu tayari wanayajua. Galanthus, Eranthis, Cyclamen coum na krokasi za mapema zipandwe chini ya fito za Cornus, ambako zitapata mwanga wote kabla majani hayajarudi. Zipandwe kwa mafungu na si moja moja, tena upande ulio karibu na dirisha, maana ua la sentimita 10 lililo mwisho wa bustani halionekani na mtu anayeosha vyombo. Vitunguu vya Eranthis na krokasi hufukiwa kati ya Septemba na Novemba. Galanthus ni tofauti kidogo: vitunguu vyake vikikauka dukani vingi havioti, na ni salama zaidi kuinunua Februari au Machi, mara tu baada ya kuchanua, ikiwa bado na majani yake mabichi.

Kuhusu matunda, jambo moja tu. Ilex aquifolium, ule mti wa majani yenye miiba na matunda mekundu ya Krismasi, una dume na jike, na jike bila dume la karibu hazai. Wenye vitalu wa zamani hawakutusaidia: aina waliyoiita Golden King, yaani mfalme, ni jike, na Silver Queen, yaani malkia, ni dume. Kama una nafasi ya mti mmoja, chukua J. C. van Tol, ambao huzaa peke yake. Mahali ambapo ndege humaliza kila kitu mapema, Malus aina ya Red Sentinel hubaki na matufaha yake madogo mekundu mpaka katikati ya majira ya baridi.

Kutazama kabla ya kununua

Kabla ya kutumia fedha nyingi, nenda katazame bustani zilizopandwa kwa ajili ya majira haya, na uende Januari au Februari. Ile ya Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilifunguliwa mwaka 1979 na bado ni shule nzuri ya namna ya kupanga fito za rangi mbalimbali na vichaka vya kijani nyuma yake. Si mbali na hapo kuna Anglesey Abbey, ambako njia inapinda ili usione kinachofuata mpaka ukifikie, na mwisho wake ni kundi la Betula nyeupe. Kati ya hizi, iliyo karibu zaidi na kwetu ni ya Sir Harold Hillier Gardens, jirani na Romsey katika Hampshire. Huko wana nafasi ya kupanda vichaka vya rangi moja kwa makumi, na jambo la kuchukua kwao ni mimea inayokaa pamoja na si wingi wake. Nyumbani, aina tano zilizorudiwa hushinda aina ishirini za moja moja.

Wasomaji walio nje ya Uingereza wataona kwamba si kila nilichokitaja kinawafaa. Mimea hapa hupewa alama ya kustahimili baridi kutoka H1 mpaka H7, na iliyo H7 huhimili hata baridi inayozidi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Marekani hutumia ramani ya kanda 13. Kwa aliye Minneapolis, Sarcococca haitafika Machi, lakini Cornus sericea asili yake ni Amerika Kaskazini na theluji ya huko ndiyo nyumbani kwake, tena fito nyekundu juu ya theluji ya kweli ni mandhari ambayo sisi wa Reading tunaipata kwa nadra.

Na ile mimea ya kwetu je? Impatiens walleriana, ambayo huuzwa hapa kila Mei, asili yake ni Afrika Mashariki, na iliwahi kuitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Sakitu ya kwanza huimaliza kwa usiku mmoja. Saintpaulia ya Usambara ibaki dirishani ndani ya nyumba. Kniphofia thomsonii, inayoota kwenye nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda, huweza kuuvuka msimu katika kona yenye joto kama shina lake litafunikwa matandazo makavu, lakini haina cha kuonyesha Januari, na kwa kazi tunayoizungumzia hapa haina nafasi.

Kwa wapangaji wa nyumba, na wengi wetu tu wapangaji, yote haya yanawezekana kwa vyungu vitatu. Chagua vyungu vilivyoandikwa kwamba vinastahimili sakitu, maana chungu cha kawaida cha udongo hunyonya maji na kupasuka maji hayo yakiganda, na uviinue juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke. Kimoja kiwe na Sarcococca na kikae mlangoni. Cha pili kiwe na Cornus ya Midwinter Fire na krokasi miguuni pake, na kisogezwe kila Desemba mpaka pale ambapo jua la mchana linafika. Cha tatu kiwe na Helleborus, ambayo maua yake huinama, kwa hiyo kiwekwe juu ya meza au ngazi iliyo usawa wa dirisha la jikoni. Siku ya kuhama, vyote vitatu vinaingia kwenye gari dogo.